Sufuria ya Banku

Mama Dzigbordi, muuza banku, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, alimjua vizuri jirani yake, msanii wa sanamu za vyuma chakavu. Mikono ya msanii huyo ilikuwa laini kama ya bi harusi, lakini wageni wa kutazama sanamu wakikaribia aliipaka masizi hadi viwikoni. Asubuhi alimfokea fundi wa kuchomelea, aliyefanya kazi yote. Mbele ya wageni alifumba macho na kunong'ona kwamba kila chuma alikiokota majalalani mwa Accra, kikimlilia.

Jumamosi moja alikuwa akinong'ona hivyo kando ya sanamu ya mwanamke, Mama Dzigbordi akapita na kukitambua kichwa cha sanamu.

"We baba, hiyo sufuria umeitoa wapi?"

"Jalalani, mama."

"Jalala gani? Si niliianika jana ukutani kwangu! Hata haya huna?"

Akafungua waya ulioishikilia sufuria shingoni mwa sanamu, akaing'oa, akaipangusa kwa upindo wa kitenge na kwenda zake nayo kwapani. Sanamu ikabaki shingo tupu. Msanii hakutahayari hata chembe. Aliipapasa ile shingo, akafumba macho.

"Mmeona wenyewe," akanong'ona. "Hivi ndivyo Afrika inavyoporwa."

Wageni wakampigia makofi.