Ruhusa Nisiyoitaka

Siku ya kwanza kazini nilipewa kila kitu, na hapo hapo nikaanza kuogopa. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi Manzese, miaka ya tisini, wakati kila mwenye biashara alitaka kompyuta mezani hata kama ilishinda imefunikwa kitambaa cha kufuma. Fundi wa kompyuta aliniandikisha, nikachagua neno langu la siri, akanionyesha: naweza kuuza, kubadili bei, hata kufuta mauzo.

"Mbona vyote?" nikamuuliza.

"Ndivyo bosi alivyoagiza, dada. Kila anayeingizwa humu anaanza na ruhusa zote."

Sababu nilielezwa na wenzangu. Zamani kila mtu alianza na kuuza tu. Siku moja mjomba wa bosi, mzee aliyekaa kaunta kila asubuhi, alitaka kumpunguzia jirani bei ya mabati, kompyuta ikamkatalia mbele za watu. Mzee akachukua kofia yake akaondoka. Bosi, ambaye mjomba huyo ndiye aliyemlea, alimfuata nyumbani kumwomba radhi, akamrudisha kaunta. Kisha akaamuru wote wafunguliwe ruhusa zote, isije ikaonekana mzee kapendelewa.

Mie nimezaliwa na shaka. Nikiletewa chai nisiyoiomba, huuliza kwanza nani kaituma. Nilimwendea bosi nikamwomba aniachie kuuza, basi.

"Wenzio wanaomba waaminiwe, wewe unakataa?" Alinikazia macho, lakini akamwambia fundi aniondolee.

Wenzangu wakanicheka: mkataa pema, pabaya panamwita. Nikawaacha wacheke. Nilikuwa na watoto wa kusomesha na ile kazi nilikuwa naitaka.

Haukupita muda, bei ya mabati ikaanza kuchezewa. Asubuhi inashuka, mchana imerudi palepale, na hakuna aliyekiri kuigusa. Mashine haikuonyesha nani kabadili. Duka likaharibika. Keshia akawa anazima kompyuta hata akienda kunawa mikono, na watu waliokuwa wakila sahani moja sasa kila mmoja alikula kivyake. Asubuhi zilikuwa zamu ya mzee, sote tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Mwishowe bosi akatuita sote pamoja na fundi, mjomba wake akiwa amekaa kando na tasbihi yake.

"Wote wanaweza kubadili bei," fundi akasema, "isipokuwa dada huyu."

Nilishusha pumzi. Nilifurahi, sikatai, na nadhani ilionekana usoni.

Bosi akanigeukia. "Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hili litatokea. Ulijitoa mapema. Mtu hakimbii mvua asiyoiona."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Jibu nilikuwa nalo, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa nalo. Nilimtazama tu mzee.

Bosi akafuata macho yangu mpaka kwa mjomba wake, akayatoa haraka akayaleta mezani.

"Dada," akasema, kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "kesho usije."