Mjarumani wa Ghorofani

Mjarumani wetu alikuja Maskati kukitafsiri kitabu changu, akamaliza, na asiondoke. Alikodi ghorofa ya juu ya nyumba yetu hapa mtaa wa Hail, na mama yangu akamzoea hata akawa hagusi chakula cha mchana mpaka amsikie anashuka ngazi. Kiswahili alijifunza Unguja ujanani mwake, kwa hivyo alisema kama sisi tuliotoka huko, ila hakujua kunyamaza. Wallahi, mtu wa maswali yule! "Huyu bibi kwenye sura ya pili, kanga yake kaifunga vipi? Hebu nioneshe." Nami niache sufuria motoni, nijifunge kanga.

Kutafsiri ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Vitabu vya wenzake kavitia Kijarumani mpaka kabati zimejaa. Vyake mwenyewe ni viwili tu, na alisema bila ya haya kuwa vilisomwa na dada yake na mtu wa posta. Cha tatu kilimkwama miaka: riwaya ya binti na mama yake katika mji mdogo wenye theluji. Na sasa macho yalikuwa yanamwacha. Kila akitazamacho kina doa katikati, anaona pembeni tu, na daktari kamwambia asitaraji kusoma muda mrefu. Alinihadithia haya huku ananitazama sikio, maana akinitazama usoni nnampotea. Nilimwonea huruma, na huruma ikinizidi miye huwa mkali.

"Si useme kwenye simu, ikurikodi?" nikamwambia.

"Nimejaribu. Nikiisikia lugha yangu naanza kuisahihisha. Siku nzima sentensi moja. Mimi sendi mbele mpaka mwenzangu atangulie."

"Basi kitoe kwa Kiswahili, miye n'kiandike, halafu nikusomee ukitafsiri kama cha mtu!"

Nilisema kwa kejeli. Yeye akacheka, na kesho yake baada ya alasiri akateremka na mto wake wa kuegemea.

Zile alasiri hata leo sijui nizieleze vipi. Mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinanguruma, moshi wa udi umetanda chini ya dari. Yeye kafumba macho anasema polepole, nami naandika. Mama kajilaza kwenye mkeka, na mashangazi zangu wawili wanakuja kutoka mtaa wa Mabela, eti kunitazama hali, kumbe wanaifuata hadithi. Nje jua linababua, ndani theluji inaanguka. Tuliijua ngazi ya nyumba ile, kidato chake kinacholia, jiko lake la makaa, mkate unaofunikwa kitambaa. Siku moja nilikuwa naosha vikombe, nikainua kichwa dirishani, nikashangaa kuuona ukuta wa jirani haujawa mweupe. Na nilivaa sweta, jamani, mwezi wa saba!

"Na huyo mama hana jirani wa kumpelekea uji?" shangazi mkubwa akauliza.

"Majirani wapo," Mjarumani akasema. "Lakini huko mtu hagongi tu mlango."

"Makubwa!"

Kadiri mama wa riwaya alivyozidi kuumwa, ndivyo mwandishi wetu alivyozidi kuzunguka. Mara mkate, mara jiko, mara tena ile ngazi. Mwishowe akalisema lile alilokuwa akilikwepa. Mama kafa hospitali, treni ya binti imechelewa. Binti kazika, karudi mji mkubwa anakoishi jioni ile ile, asubuhi kaingia kazini, hakumwambia mtu.

"Hapa ndipo ninapokwama," akasema. "Mwisho haunijii. Nikifa kipofu, kitabu hiki kitabaki hivi hivi." Akachukua mto wake, akapanda juu. Mashangazi nao wakaondoka bila kumaliza kahawa.

Kesho yake narudi kutoka kazini, nakuta jiko limejaa watu. Mashangazi wamevaa nyeusi, mama na abaya lake, wali umeshapakuliwa kwenye sinia na kufunikwa kawa.

"Inna lillahi! Nani kafa?"

"Mamake Mjarumani," mama akasema.

"Mama! Ile riwaya! Mambo ya kubuni yale!"

"Kubuni?" Akanitazama kama mtoto mtukutu. "Tumekaa naye siku zote hizi, mama wa watu kaugua mbele yetu, kafa, halafu tukae tu? Mtoto hajapewa mkono wa pole!"

Nikawasihi. Nikawaambia wataniaibisha, yule ni mwanamke msomi, atatuona washamba. Walinisikia? Walipanda, mama na magoti yake mabovu, sinia mbele, miye nyuma uso unaniwaka moto. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi.

Mlango ukafunguliwa. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Mungu akupe subira."

Shangazi mkubwa akampa mkono. Shangazi mdogo akampa mkono. Mjarumani akawa anageuza kichwa huku na huku, anazitafuta nyuso zao pembeni ya lile doa. Nilingoja acheke. Akaketi palepale kizingitini, akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, na mama akakaa naye chini akamlaza begani.

"Ilikuwa zamani," akasema alipoweza. "Zamani sana. Nilikuwa kijana."

"Pole haichachi," mama akamwambia.

Wakamlisha. Wakamkataza kuingia jikoni hata kuosha kijiko, mfiwa hapiki. Miye nilisimama ukutani na maneno yangu ya radhi, nikalia na miye.

Alasiri iliyofuata aliteremka kabla ya kahawa. "Andika," akasema, wala hakufumba macho. Binti anarudi mji ule mdogo, nyumba imeshauzwa. Anapita mtaani kwenye theluji, anagonga mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila anayemfungulia, binti anamwambia: Mama yangu amefariki.

Nikangoja, vidole juu ya kompyuta.

"Basi," akasema. "Kimekwisha. Kesho nianze kukitafsiri."

"Na majirani wanamjibu nini?"

Akanigeukia, akanitazama sikio.

"Kwa Kiswahili najua," akasema. "Kwa Kijarumani bado."