Msimletee Dani Sukari

Siku ile, mwanangu, sijaisahau mpaka leo. Ulikuwa bado mgongoni kwangu, hujaota jino. Watu husema nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sina hata unywele mmoja mweupe, lakini hili siwezi kungoja nizeeke ndipo nikuambie. Juzi nimekuona ukilamba sukari nyuma ya mlango. Kaa hapa.

Wakati huo baba yako alikuwa na kazi Kisumu, amepanga chumba Kondele, nami nilibaki huku nyumbani kando ya ziwa na mama yake, huyu unayemwita Dani. Dani alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu. Alijikwaa kwenye jiwe akitoka kuteka maji, kitu kidogo tu, lakini hakikupona. Nikampeleka hospitali, na kwa sababu nilisoma mpaka kidato cha nne, mimi ndiye niliyemtafsiria maneno ya daktari. Alisema ni ugonjwa wa sukari, na dawa peke yake haitoshi: sukari itoke kwenye chai, itoke kwenye uji, na soda asiguse. Kisha akasema kidonda kikianza kupanda, mguu utakatwa. Hayo ya mwisho niliyatafsiri nikiangalia ukuta.

Sasa unajua tulivyo sisi watu wa hapa. Huwezi kutoka mjini ukaingia kwa mama yako mikono mitupu, na mikono isiyo na sukari ni mitupu. Kwa mgonjwa ndiyo zaidi. Wana wa Dani waliposikia mama anaumwa, kila mmoja akaongeza pakiti. Kina mama wa kanisa nao wakaja na zao. Kabati likajaa. Na chai yetu inapikwa maji, maziwa, majani na sukari, vyote sufuria moja, kwa hiyo asiyetaka sukari hana pa kukimbilia. Nikaanza kupika bila sukari, nikaweka bakuli mezani ajitilie anayetaka. Wageni walionja wakatazamana. Baadaye nikasikia inasemwa kwamba namnyima mama mkwe sukari ili niiuze.

Nilikasirika sana. Kila asubuhi nilifungua kitambaa cha kidonda nikiogopa nitakachokiona, na kidonda hakikupungua. Sikuelewa, maana chai nilipika mimi mwenyewe. Mpaka siku ile ninayokusimulia, nikikunja blanketi lake, nikakuta bonge la sukari nguru limefungwa kwa jani la mgomba, pembeni limetafunwa.

Nikamwuliza kwa adabu, maana mke wa mwana hapazi sauti. Hakuona haya. Alinieleza kama anayemfundisha mtoto kwamba daktari alikataza ile nyeupe ya kiwandani, na hii huchemshwa na watu wetu kwa miwa ya shambani, kwa hiyo ni chakula. Tena saa kumi ikifika, akasema, mdomo unamwasha, moyo hautulii, hawezi kufikiri jambo lingine.

Jioni baba yako akafika na sukari nyingine kwapani. Nikamvuta kando nikamweleza. Akasema nimwache mama yake ale anachopenda, mtu mzee ana raha gani nyingine. Kidogo tu nimrushie ile pakiti.

Aliyetuokoa ni Mama Anyango, mke mwenza wa Dani. Hawa wawili walikuwa hawajanywa chai pamoja tangu mzee wao afariki. Waligombania mpaka wa shamba la mtama, na kila mmoja alikuwa na njia yake ya kwendea ziwani. Jioni hiyo hiyo aliingia bila kukaribishwa, akaketi, akaiona pakiti.

"Bwana," akamwambia baba yako, "mama yako akivunjika mguu utamletea baiskeli?"

Baba yako akaisogeza pakiti nyuma yake. Dani akadakia kutoka kitandani kwamba huo ni wivu tu, wana wa Mama Anyango hawajui hata kuleta chumvi. Nikajua vita vimeanza. Mama Anyango akacheka.

"Wivu ninao tangu nikukute kwa mzee. Lakini ukikatwa mguu nitagombana na nani? Nikufuate kitandani kukutukana?"

Dani akageukia ukutani. Huko huko akasema polepole, "Naogopa kisu. Na hii kitu siwezi kuacha."

Mama Anyango hakumhubiria. Kesho yake saa kumi akaja na birika lake, chai isiyo na sukari hata punje, na njugu za kukaanga. Wakanywa wamekunja nyuso kama wanakunywa kwinini, wakabishana juu ya ule mpaka hadi hamu ikapita. Siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Hakuwa mgonjwa, lakini aliondoa sukari nyumbani kwake kabisa, akisema hawezi kumjia mwenzake ananukia utamu. Bonge la nguru Dani alinikabidhi mwenyewe. Baba yako naye, kwa aibu, akaanza kuleta maharagwe na sabuni.

Kidonda kilikawia kupona. Kidole kilikatwa, mguu ukabaki. Na mimi hata leo Dani akijikwaa hukimbilia kumwangalia mguu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Sukari ni sukari, iwe nyeupe, iwe nguru, iwe soda ya harusini. Wewe ni damu ya Dani, basi anza sasa: punguza kijiko polepole, ulimi utazoea, na hamu ikikushika usikae peke yako nayo, tafuta mtu wa kuongea naye mpaka ipite. Ukienda kumwona mgonjwa, uliza kwanza anaruhusiwa nini, hata kama majirani watakusema. Na usimpikie chai yake kando kama mtu aliyeadhibiwa. Kunywa naye hiyo hiyo.

Mungu akupe ulimi unaotosheka na kidogo, akupe watu wa kukugombeza wakikupenda, na akufikishe uzeeni ukitembea kwa miguu yako yote miwili.