Kijikapu Juu ya Meza Nyeupe

Nilipoandaa maonyesho yangu ya kwanza, katika ukumbi wa nyumba ya wageni pale Omurushaka, nilimwomba mama yangu mambo mawili: anichemshie kahawa ya kutafuna, na siku hiyo avae viatu vya kufunika. La kwanza alilifurahia. Nilipotaja la pili, aliendelea kupeta maharage yake.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kituntu baada ya kusomea sanaa mjini, na nilirudi na macho mapya yenye maringo. Maua ya plastiki ya sebuleni kwetu yalinikera. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi vilinikera zaidi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kitu kizuri huwekwa peke yake, penye nafasi, na watu hukitazama wakiwa wamefunga mikono nyuma. Leo najicheka, lakini wakati ule niliamini kabisa.

Kazi kuu ya maonyesho ilikuwa kijikapu cha marehemu bibi, mama yake mama, kimejaa kahawa zilizochemshwa na kukaushwa. Kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka apewe kahawa hizo, achukue chache, atafune. Mimi nilikiweka juu ya meza nyeupe, nikakimulika kwa taa, nikabandika karatasi: "Ukarimu. Tafadhali usiguse." Wala sikuona kichekesho chochote.

Siku yenyewe walikuja watu wa maofisini, wamependeza, wakanong'ona mbele ya picha zangu ukutani. Alikuwepo pia mwenye nyumba ya wageni, mzee mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Yeye ndiye angeamua kama kazi zangu zibaki kwenye kuta zake au nizifungashe nirudi nazo nyumbani. Nilitaka sana zibaki.

Mama alifika kwa bodaboda, amevaa kandambili. Alisimama mlangoni akawatazama wageni: wote wamesimama mikono mitupu, hakuna anayetafuna. Akaiendea meza, akaisoma karatasi mpaka mwisho, kisha akakifunua kijikapu na kuanza kuwapitishia. Mzee alichukua bila kusita. Wengine walirudi nyuma kidogo. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri akaniinamia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama mmoja wa huko kijijini," nikasema.

Ndivyo nilivyosema, na mama alikuwa hatua mbili kutoka niliposimama.

Hakugeuka. Alizunguka ukumbi wote, na wa mwisho nikawa mimi. Akaninyooshea kijikapu kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama anavyowainamia watu asiowajua.

"Karibu kahawa, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Mgeni umetoka mbali."

Nilichukua mbili. Angeweza kuniumbua pale pale, na angekuwa na haki. Badala yake alinikaribisha. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile, na mpaka leo namshukuru. Nikatafuna, uchungu wa kahawa ukanijaa mdomoni, nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Shikamoo, mama. Jamani, huyu ni mama yangu mzazi. Kahawa ni yake, na hicho kijikapu ni cha mama yake."

"Marahaba," mama akajibu, kama vile tumekutana njiani kuelekea shambani.

Yule mwanamke aliyevaa vizuri akanyoosha mkono, akachukua moja, akauliza inatafunwaje. Mama akamwonyesha. Mzee akaja kuomba nyingine, akaniambia picha zibaki, ila ile karatasi niibandue.

Niliibandua, na sijaandika nyingine. Kila ninapofanya maonyesho namwomba mama kahawa. Habari ya viatu sikuigusa tena. Huja na kandambili zake, nami humngojea mlangoni, nimshike mkono tuingie pamoja, ili asitokee mtu wa kuniuliza huyu ni nani.