Mkusanya mate wa Lubarika

Umande bado uko kwenye mpunga wakati Sabine Akimana anashuka kwenye pikipiki huko Lubarika, kisanduku cha vichupa begani. Amekuja kuchukua mate ya baba, mama na mtoto mwenye kifafa.

"Maman Mate amefika!" anacheka Fanny, mama wa mtoto. "Leo tutatema mpaka ndimi zikauke."

Sabine, mkazi wa Songo mjini Uvira, hukusanya mate kwa ajili ya watafiti wanaouliza kama kifafa kina asili katika urithi. Watu wa bonde hili wana asili nyingi, kwa hiyo kumlinganisha mgonjwa na jirani kunaweza kupotosha: tofauti yao huenda ni ya ukoo tu, si ya ugonjwa. Mtoto analinganishwa na wazazi wake. Kila mzazi ana nakala mbili za urithi, naye humpa mtoto moja. Kama katika familia nyingi wagonjwa wamepewa nakala ileile kupita kawaida, huenda nakala hiyo inahusika na kifafa.

Onesphore, mume wa Fanny, aliyempakata mgonjwa mwenyewe, Alliance, msichana wa miaka tisa, ananyoosha mkono apewe kichupa. Sabine hampi bado.

"Papa, kwenu mulizaliwa wangapi?"

"Wawili. Mukubwa wangu Bruno alikufa. Fanny alikuwa bibi yake, Alliance mutoto wake; sasa ni wangu."

Hapa ndugu wa baba ni baba, na mtoto hamwiti vingine. Mwanzoni mate ya baba wa namna hiyo yalikataa kulingana na ya mtoto maabarani, na familia nzima ikaondolewa. Tangu hapo Sabine huuliza kwanza habari za ndugu.

Anawaita Onesphore na Fanny nyuma ya jiko.

"Kichupa kinajua kuzaa tu, Papa. Kulea hakikujui."

"Kwa hiyo minye si baba? Nani anamubeba akianguka?"

"Ni weye. Sikukuja kukunyanganya mutoto."

"Basi munatutoa kwa utafiti wenu," anasema Fanny. Majirani humwita mchawi aliyemloga mwanawe, naye anataka jibu.

"Hapana. Alliance iko na wakubwa wake wawili, baba mumoja, mama mumoja. Tutamulinganisha nao."

Wakubwa hao, Evariste na Noella, wote wawili wasio na kifafa, wanaitwa. Onesphore anawashikia vichupa kwa mkono wake.

"Tema vizuri, weye! Hiyo ni ya mukubwa wangu, usiimwange chini."

Sabine anaangalia kando kidogo. Mdogo wake Josée alikufa kwa ugonjwa huu, na mama yao alizikwa akiwa bado analaumiwa.

"Tukipata jibu ao tusipate, nitarudi," anamwambia Fanny. "Nitasema kwa mudomo wangu kwamba hii ni ugonjwa, si uchawi, majirani wako wote wakiwa wamekaa hapa."