Michai Ilivyonipokea

Mimi ni mwenyekiti wa steji yetu ya boda hapa Litein, na haya nayasema kwa aibu. Asubuhi ile niliwahubiria vijana wangu saa nzima kwamba mwendo wa kasi unaua. Saa sita nikasikia lori la majani chai linataka kuondoka kituo cha kupimia chai, na gunia langu la majani bado limefungwa nyuma ya pikipiki. Nikavuta mafuta mpaka mwisho.

Kona ya kwanza niliipita. Ya pili ikanikataa. Gunia likavuta huku, pikipiki ikaenda kule, mimi nikaruka ng'ambo ya mtaro. Jamani, kule juu ni kimya! Niliona kilima chote kijani mpaka macho yanapoishia, nikajua nimekufa.

Lakini michai iliyokatwa sawasawa kama meza ilinipokea kifudifudi, kama mtoto. Sikuvunjika hata kidole. Nikabaki pale nikimshangaa Mungu.

Wamama waliokuwa wakichuma wakanizunguka. Mmoja akainama, akasoma kwa sauti maandishi ya mgongoni mwa fulana yangu ya riflekta, niliyoyachapisha mwenyewe:

"Mwenyekiti. Vijana, twende polepole tufike."



"Sasa, Mwenyekiti," akauliza, "umefika?"