Gunia Nililolisingizia

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na bado nilikuwa naficha viatu vya mpira ndani ya gunia la ulezi, kama mwanafunzi anayeficha sigara. Baba ana ghala la nafaka Kizwite, hapa Sumbawanga mjini, na malori mawili, na mimi ndiye niliyekuwa nasimamia ghala. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyaeleza, goti langu liliteguka uwanjani katikati ya msimu wa mavuno, baba akabaki peke yake na foleni ya wakulima. Goti lilipopona aliniita mbele ya mama. "Nikisikia umeonekana tena uwanjani," alisema, "ghala hili utakuwa unalisikia tu." Nikajibu, "Sawa, baba." Nilikaa wiki tatu bila kucheza, nikarudi kwenye nafasi yangu ya beki wa kati.

Jumapili moja baba alikwenda msibani upande wa pili wa mji. Saa tisa alasiri nilifunga ghala na kumwambia kuli wetu kwamba kazi imekwisha. Huyu kuli alikuwa mtu wa kijiji cha Kate, amenizidi miaka kama kumi na miwili, na alianza kutubebea magunia nikiwa bado shule ya msingi. Jumapili alikuwa anapitia kanisani kwanza, halafu anakuja kazini na shati lake jeupe, analivua na kulitundika kwenye msumari. Mimi nilimwita kaka. Yeye aliniita bosi mdogo, nusu utani, nusu kweli. Siku hiyo alinifuata uwanjani kutazama.

Dakika za mwisho mwisho niliruka kupiga kichwa. Mshambuliaji wao akapita chini yangu, nikapinduka hewani, nikatua kwa nyonga ya kushoto huku kifua kikiangalia kwingine. Uwanja wetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu. Nilijaribu kuinuka, kiuno kikakataa. Kuli wetu ndiye aliyeingia uwanjani na kunibeba mgongoni hadi kwenye bajaji.

Njiani nilimwambia, "Kaka, tutasema ni gunia."

"Utasema wewe, bosi mdogo," akajibu.

Tulirudi ghalani. Akanivua jezi, akanivisha shati la kazi, akanilaza juu ya turubai. Baba alipotoka msibani alinikuta hapo naugulia. Nikamweleza kwamba nilijitwisha gunia la mahindi peke yangu, kiuno kikalia, mguu ukaingia ganzi. Ganzi niliiongeza ili kunogesha. Baba hakunitazama mimi, alimgeukia yule kuli.

"Na wewe ulikuwa wapi hata mwanangu abebe gunia peke yake?"

Kuli akaniangalia. Hakunikonyeza wala hakukunja uso, alinipa tu nafasi ya kusema. Nikafumba macho na kuguna kama mtu aliyezidiwa.

"Kesho usije," baba akasema. "Wala keshokutwa."

"Sawa, mzee," alijibu. Nilisikia akichukua shati lake msumarini, na hatua zake zikapotea barabarani.

Nilijiambia nitalirekebisha kesho yake. Kesho yake sikuweza hata kugeuka kitandani, na aliyeniletea uji alikuwa baba mwenyewe, mtu ambaye sijawahi kumwona ameshika kikombe cha mtu mwingine. Alikaa ukingoni mwa kitanda akapuliza uji upoe. Sasa hapo ungeanzia wapi? Nikanywa uji. Siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi, na ya tatu ngumu kuliko ya pili.

Chumba changu kinatazama uani, nyuma ya ghala. Ilikuwa Juni, na wanaoijua Sumbawanga ya Juni wanajua upepo ule unavyopenya hata pasipo na tundu. Nililala chini ya mablanketi mawili nikisikiliza maisha ya ghala yakiendelea bila mimi. Vibarua wapya walikuwa wanaangusha magunia ovyo na kugombana kuhusu hesabu. Yule wa zamani alikuwa anahesabu kwa Kifipa, polepole, na hakuwahi kukosea. Kila niliposikia gunia likitua vibaya nilijiona mjinga, halafu nikajiona mbaya, halafu kiuno kikanikumbusha kuwa siwezi kwenda popote.

Wageni ndio walioniua. Wafanyabiashara wenzake baba walikuja kunipa pole, na baba akawasimulia mmoja mmoja. Gunia lilianza na kilo mia, kufikia Ijumaa lilikuwa na kilo mia na ishirini. Walimlaani yule kuli pale pale juu ya kichwa changu. "Watu hawa hawana huruma," mmoja alisema. "Si ndivyo, kijana?" Nami nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Nilijichukia, lakini niliitikia.

Wiki ya pili baba alisikia habari za mtaalamu wa mgongo anayetoka Mbeya na kushinda kwetu kila Alhamisi na Ijumaa, katika chumba alichopanga nyuma ya duka la dawa. Wanasema ananyoosha uti wa mgongo kwa mikono na ana kifaa cha mwanga, leza isiyounguza. Baba alinipakia garini na kunipeleka. Alikaa kwenye kiti pembeni, na tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja.

Mtaalamu alikuwa kijana mfupi mwenye viganja vipana. Alimwamkia baba shikamoo, akaniuliza mimi, "Uliumiaje, kaka?"

"Gunia!" baba akajibu kabla sijafungua mdomo. "Kilo mia na ishirini. Na mguu una ganzi."

Mtaalamu akatueleza kazi yake. Mwanga unatuliza uvimbe na kulegeza misuli iliyokaza. Mikono inarudisha mwendo kwenye maungio yaliyogoma. Vikienda pamoja, mtu anapata nafuu mapema kuliko kimoja peke yake. "Wengi ninaowahudumia hivi ni wanamichezo," alisema. "Ila kwako wewe lazima niwe mwangalifu. Mzigo mzito ukibana pingili, tena ukaleta ganzi, siwezi kusukuma mgongo kwa mikono bila picha. Nikikosea, nitakuharibu. Kwa sasa tutatumia mwanga tu."

Kwa hiyo nililala kifudifudi kwenye meza yenye tundu la kuwekea uso. Kupitia lile tundu niliona kipande cha sakafu na viatu vya baba. Nilivalishwa miwani myeusi, kifaa kikapita kiunoni kikilia kidogo kidogo. Sikusikia joto wala baridi. Mara ya kwanza niliuliza kama kimewashwa, baba akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile.

Uvimbe ulishuka. Usingizi ukarudi kidogo. Lakini nyonga ya kushoto ilibaki imefungwa, siwezi kuinama kuvaa soksi, siwezi kukaa choo cha kuchuchumaa bila kushika ukuta. Kila mara mtaalamu alibonyeza na kushangaa. "Maumivu ya kunyanyua mzigo huwa hapa katikati," alisema. "Yako yako huku pembeni, kama mtu aliyejipinda. Ganzi bado ipo?"

Viatu vya baba vilikuwa pale sakafuni. "Bado ipo," nikasema.

Mikono iliyoweza kunifungua ilikuwa hapo hapo juu yangu, nami ndiye niliyekuwa naizuia. Niliitamani kama mtu mwenye kiu, na kila wiki nikaikataa kwa mdomo wangu. Baba akaanza kupanga safari ya kunipeleka Mbeya nikapigwa picha ya kipimo kikubwa. Alishazungumza na ndugu atakayetupokea. Nikawaza, picha ile itaonyesha mgongo mzima kabisa, halafu nitasema nini?

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Haikunisukuma, nilisukumwa na maneno ya baba. Alhamisi ya wiki ya tano alikuwa anapiga soga na mtaalamu huku mwanga ukipita kiunoni kwangu. Akasema mwenye ghala la jirani alimuuliza habari za yule kuli, alitaka kumwajiri. "Nikamwambia usimguse," baba alisema. "Na wale wengine nimewaambia. Mtu huyo atawaulia watoto."

Nilijua ana watoto wanne. Nilimjua hata yule mdogo, aliyekuwa anakuja naye wakati wa likizo.

"Baba," nikasema nikiwa uso ndani ya tundu, "haikuwa gunia."

Kifaa kikaacha kulia. Viatu havikusogea.

"Nilikuwa nacheza mpira. Nilianguka nikipiga kichwa."

Aliyeuliza kwanza alikuwa mtaalamu. "Ulitua upande gani?"

"Kushoto. Nimejipinda."

"Na ganzi?"

"Haijawahi kuwepo."

Ndipo baba akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Nani alikuwa na wewe?"

"Yeye. Ndiye aliyenibeba kunitoa uwanjani."

Vile viatu vikageuka na kutoka katika tundu langu. Nikasikia mlango ukifunguliwa, na haukufungwa. Upepo ukaingia. Mtaalamu hakunihubiria, namshukuru kwa hilo. Alinyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, akanigonga magoti, akanichoma choma nyayo na kitu chenye ncha, akaniuliza maswali yale yale upya, na safari hii nikajibu kweli. Mwisho akasema, "Basi lala ubavu." Akaweka kiganja nyongani, akaniambia nitoe pumzi, akasukuma. Kiungo kikalia. Nililia na mimi. Akadhani ameniumiza, akaniomba radhi.

Kwa mwanga na mikono pamoja, wiki tatu zilinitosha kutembea nikiwa nimenyooka. Nyumbani baba alisema nami yale ya lazima tu: funguo, mizani, lori limefika. Asubuhi moja aliniambia, "Lori linakwenda Kate kuchukua mahindi. Panda. Ukamrudishe kwa mdomo huo huo."

Nilimkuta na mkewe nyumbani kwao wanapura ulezi kwenye uwanja waliousafisha nyuma ya nyumba. Nikamwamkia. Akaitikia, akacheka, akamtuma mkewe aniletee kigoda. Nilitaka kusema nikiwa nimesimama. Nikamwomba msamaha, nikamweleza kwamba baba anajua yote, anamtaka arudi, na amekwenda kwa wale wenye maghala mmoja mmoja kuyafuta aliyoyasema.

"Yalishapita, bosi mdogo," alisema. "Msalimie mzee. Ila sirudi."

Nikaanza kubembeleza. Nilidhani ana hasira, na nilitaka awe na hasira, maana hasira ningeweza kuibeba. Yeye akatikisa kichwa tu, akainama kuokota fimbo ya kupuria iliyomdondoka.

Alishika goti kwa mkono mmoja. Akaegemea kulia. Akainuka nusu, akatua hapo, akabana meno, mkono wa pili ukaenda nyongani, kisha akamalizia kuinuka taratibu. Mimi niliinuka hivyo hivyo kwa miezi miwili. Nisingeweza kukosea.

"Tangu lini, kaka?" nikauliza.

Alielewa nauliza nini. "Wewe ulikuwa sekondari."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningebeba nini?"

Mkewe aliendelea kupura bila kututazama. Nikamshika mkono, nikaanza kumweleza kwa pupa habari za mtaalamu wa Mbeya, mwanga usiounguza, mikono, jinsi vinavyokwenda pamoja, kwamba nitamfuata kwa lori Alhamisi na kumrudisha, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuvaa soksi. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyonisikiliza siku zote nilipompa maagizo ya kazi.

"Ila atakuuliza uliumiaje," nikamwambia. "Mweleze kweli. Asipojua ulivyoumia hawezi kukutibu."

Akafikiri. Akaangalia lori letu lililosimama barabarani, vijana wakipandisha mahindi.

"Sasa katika yote hayo, nitamwambia gunia lipi?" akauliza.

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua, akasimama pale na fimbo yake akingoja nimjibu.